Bibi Maendeleo na Mkuyu wa Mezani

Bibi Maendeleo hakuweza kumpita mtu bila kumsalimu. Kutoka nyumba zetu za serikali hadi sokoni Mbinga ni mwendo wa kutafuna muwa mmoja, lakini ukiongozana naye ungeumaliza huo na wa pili, na soko bado mngelisikia kwa mbali tu. Alisimama kwa kila mtu. Aliuliza habari za nyumbani, za mibuni, za mgonjwa aliyelazwa, na alingoja majibu. Sisi Wamatengo, ambao hatuna mazoea ya kumwaga maneno kwa wageni, mwanzoni tulimwona kama mtu anayetafuta kitu. Baadaye tulielewa kwamba kusalimu ndiyo kazi yake yenyewe, na mengine yote, vyoo, uji wa watoto, madarasa ya kushona, yalifuata nyuma ya salamu.

Jina lake nilikuwa nalijua, lakini sikuwahi kulitumia, na sidhani kuna aliyelitumia. Cheo cha ofisa wa maendeleo kilimmeza. Watoto walimwita Bibi Maendeleo, mapadre walimwita Bibi Maendeleo, hata muuza nyama alipopiga kelele kumwita dukani alisema, "Bibi Maendeleo, leo kuna maini!" Kwao alisema ni Ujiji. Kiswahili chake kilikuwa laini kuliko chetu, kwa sababu sisi Kiswahili tulikutana nacho shuleni na kanisani, yeye alikutana nacho jikoni. Hakutucheka. "Kiswahili hakina mwenyewe," alisema, "ila kina adabu."

Mimi nilikuwa nesi wa zahanati, mzaliwa wa Matiri, na ukuta mmoja tu ulitenganisha vyumba vyetu. Yeye alinizidi umri kidogo, kwa hiyo nilimwamkia kila asubuhi, naye aliniita Nesi, na akifurahi, mdogo wangu.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miguu mikubwa, na miguu hiyo aliitunza kama mtu anavyotunza redio. Alivaa raba nyeupe alizozipaka chaki kila Jumamosi. Pekupeku hakutembea, hata ndani ya nyumba. Kwa wanawake wa vijijini alihubiri viatu kwa sababu ya minyoo, na hakutaka hata siku moja aonekane anahubiri asilolitenda. "Choo kwanza, siasa baadaye," alikuwa akisema, mpaka mkubwa mmoja wa ofisini akamwonya aache. Akaacha kulisema hadharani.

Lakini mambo yake hayakukaa upande mmoja. Alifunga Ramadhani bila kukosa, na Krismasi alipika pilau la kutosha nyumba zote za serikali. Aliwaambia watu waache kuogopa mizimu, naye alikuwa akimkimbia chura. Aliamini vijiji vya ujamaa kwa moyo wake wote. Nimemwona akilia mbele ya bomba la maji lililofunguliwa kwa mara ya kwanza. Wakati huohuo hakupenda kuona mtu akisukumwa. Alikuwa radhi kurudi kwenye nyumba ileile mara nyingi, anywe togwa yao, abebe mtoto wao, mpaka wenyewe waseme, "Haya, Mama, tumesikia."

Na alikuwa na ule mti.

Alipewa na Sista mmoja mzungu, mzee sana, aliyekuwa akifundisha kushona misheni na sasa anarudishwa kwao. Ulikuwa mkuyu. Ndege alikuwa ameangusha mbegu kwenye ufa wa ukuta wa kanisa, Sista akaung'oa mche ungali mdogo, akautia kwenye bakuli bapa la udongo lenye tundu chini, na kwa miaka yote aliyokaa kwetu akawa anaukata juu na kuukata chini, matawi na mizizi, ili usikue. Alisema watu wa Mashariki ya mbali hufanya hivyo kwa ajili ya uzuri. Sisi mikuyu tunaijua. Iko mabondeni, kando ya mito, mikubwa kiasi cha kutisha, na wazee wetu hawakupita chini yake wakiongea kwa sauti. Huu ulikuwa na kimo cha kuku aliyesimama. Shina lake lilikuwa na makunyanzi, gome la kizee, matawi yamejikunja kama mikono ya mtu anayeota moto. Mara ya kwanza kuuona pale juu ya kitambaa cha kufuma, nilihisi kama nimefungua mlango nikakuta mzee wa ukoo ameketi mezani, amepungua akawa kama mwanasesere.

Sista aliuleta mwenyewe, na mimi nilikuwepo.

"Mwaka wa kwanza usimguse," alimwambia Bibi Maendeleo. Aliuita mti kama anavyoitwa mtu. Sikujua kama ni Kiswahili chake au ni kusudi. "Umemhamisha nyumba. Usimhamishe na udongo. Misiba miwili kwa pamoja, hapana. Ngoja azoee. Ngoja mizizi itoke tunduni, ngoja majani mapya, ngoja jua lipate nguvu. Ndipo umtoe, umpunguze mizizi, umpe udongo mwingine."

"Na nikichelewa, Sista?"

Sista aliegemea fimbo yake. "Ukichelewa, atatafuta mwenyewe."

Wiki ileile mti ulipukutisha majani yote. Bibi Maendeleo alihangaika kama aliyepewa mtoto mgonjwa. Aliusogeza dirishani, akaurudisha mezani, akapima udongo kwa kidole asubuhi na jioni. Kila aliyeingia alikuwa na shauri. Fundi seremala alisema udongo umechoka, uhamishwe leo leo. Mke wa karani alisema aupande nje, mkuyu si wa ndani. Mimi nilisema afuate masharti ya Sista, kwa sababu mgonjwa aliyetoka safari hafanyiwi upasuaji siku hiyohiyo. Akanisikiliza. Baada ya muda ncha za matawi zikatoa vichomozo vyekundu, na nyumba nzima ikafurahi.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kitura aliyetuletea maharage. Siku alipouona ule mti hakuvuka kizingiti. Aliweka kikapu chini, akapiga magoti, akausalimia kwa Kimatengo kama unavyosalimia mkubwa. Kisha akaniuliza nani ameufanya hivi. Nikamweleza. Alisikitika, akasema maneno ambayo Bibi Maendeleo alinitaka nimtafsirie.

"Anasema huyu amekatwa miguu," nilisema.

"Ni mti tu, Mama. Mwambie, Nesi."

Nilimwambia. Yule bibi hakubishana. Alitumiminia maharage, akanyanyua kikapu chake kitupu, akajibu kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kutaja bei ya maharage. "Anasema asiye na miguu huazima," nikatafsiri, na nikajaribu kucheka. Bibi Maendeleo hakucheka. Alitazama raba zake.

Malalamiko yalianza kiangazi kile. La kwanza lilikuja na katekista wa Matiri, mtu asiyekunywa, asiyependa porojo. Alifika zahanati amekasirika. "Bibi Maendeleo amenipita jana mchana barabarani, nikamwamkia, hakuniitika. Nimemkosea nini?" Nilimwambia jana mchana Bibi Maendeleo alikuwa hapa hapa, kwenye benchi lile, akinisaidia kupima watoto uzito. Katekista akatikisa kichwa. "Nimemwona, Nesi. Gauni la kijani. Pekupeku."

Kisha dereva wa lori la kahawa. Kisha akina mama watatu waliokuwa wakipalilia ngoro zao, yale mashamba yetu ya mashimo, kwenye mteremko wa Kitura, ambao walimwona akipita chini yao, wakamwita kwa pamoja, wakaona hageuki. Kila mara ilikuwa mchana kweupe. Kila mara alikuwa pekupeku, akielekea magharibi, kwenye barabara inayoteremka ziwani. Na kila mara hakuitika salamu.

Kwa mtu mwingine ingekuwa kioja tu. Kwake ilikuwa hatari. Watu walianza kusema amepata kiburi, kwamba siku hizi anasalimia akitaka. Akina mama wa kushona wakapungua. Yeye aliwaendea mmoja mmoja kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya, akirudia neno moja, "Mmenifananisha." Lakini niligundua ameacha kusema "ni mti tu." Na niliona mizizi, myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea, imeanza kuchungulia tunduni chini ya bakuli. Mwaka ulikuwa haujaisha.

"Uhamishe, dada," nilimwambia. "Dalili imetoka."

"Dalili moja. Mwaka bado. Majani mapya hayajatoka tena."

"Sasa unangoja yote?"

"Nangoja nijue nafanya kwa ajili yake au kwa ajili ya hofu yangu."

Ndipo tulipotumwa ziwani. Juu kidogo ya Lipingo kulikuwa na kitongoji kilichotakiwa kuhama, kishuke kikajiunge na kijiji kipya karibu na barabara na shule. Yeye alikwenda kuzungumza, mimi kuchanja watoto. Tuliteremka kwa Landrova ya ofisi, joto likiongezeka kila kona, mpaka ziwa likatokea mbele yetu, na juu ya maji nguzo nyeusi za wale wadudu wadogo wanaopanda angani kama moshi wa moto usiokuwepo. Bibi Maendeleo alizitazama. Alikuwa hajawahi kufika kitongoji kile.

Mzee wa pale alitupokea vizuri, akatupa viti, akatuletea samaki mbasa wa kuchoma na ugali wa muhogo. Tulipokwisha kunawa alimgeukia mwenzangu. "Mama, leo umekuja na viatu. Tunashukuru."

"Leo?"

"Juzi ulipokuja hukuwa navyo. Tukasema labda ni adabu, kwa kuwa ulikwenda moja kwa moja makaburini."

Nilimwona anashika pembe ya kiti. "Nilisema nini, Mzee?"

"Hukusema kitu. Ulikuwa unachimba kwa vidole, polepole, kama mwanamke anayetafuta karanga zilizobaki shambani. Tulikuacha. Ulipoondoka tukazungumza, tukakubaliana. Huyu ni wa serikali, lakini amekwenda kwanza kwa wenyewe. Basi tutahama. Ila tuacheni tuvune muhogo, mvua ipite. Hilo tu."

Walitupeleka. Kulikuwa na vishimo vidogo kati ya makaburi mawili, na mchanga mweupe umekusanywa pembeni. Bibi Maendeleo alivua raba zake, akaingia, akapiga magoti pale, akaweka vidole vyake kwenye vile vishimo. Viliingia sawasawa.

Tulirudi Mbinga jioni ile. Alifungua mlango wake, nami nikaingia nyuma yake. Bakuli lilikuwa mezani kama alivyoliacha, dirisha limefungwa, ufunguo alikuwa nao mwenyewe. Juu ya udongo mweusi wa bakuli, kuzunguka shina, kulikuwa na mchanga mweupe. Si mwingi, labda wa kujaza kijiko. Kwetu milimani hakuna mchanga wa namna ile.

Aliugusa, akaunusa. "Ziwa," alisema. Basi.

Mkutano wa ofisini ulifuata muda mfupi baadaye, nami niliitwa kwa upande wa afya. Amri ilikuwa watu wa kitongoji kile wahamishwe kabla ya mvua, kwa malori, watake wasitake. Bibi Maendeleo ndiye angewaongoza. Alisimama. Sijawahi kumsikia akiongea taratibu vile.

"Mkubwa, wamekubali kuhama. Wanaomba wavune kwanza."

"Amri haikutaja mavuno," mkubwa wa ofisi alijibu.

"Anayehama hapewi misiba miwili kwa pamoja, kuhama na njaa. Watafika pale hawana nyumba, hawana shamba, mvua inawanyeshea. Nesi yupo hapa, mwulizeni watoto watafanyaje."

"Bibi Maendeleo," yule mkubwa alisema, "tuna habari kwamba ulikwenda kule peke yako, bila kutumwa, ukakaa makaburini na kuwatia ukaidi. Ulikwenda au hukwenda?"

Mimi nilijua siku ile alikuwa zahanati kwangu tangu asubuhi, na wagonjwa wangeshuhudia. Nilianza kuinuka. Alinitazama mara moja, na macho yale yakanikalisha.

"Nilikwenda," alisema.

Alivuliwa kazi ile palepale. Walipokuwa wakitafuta mwingine wa kuongoza, mvua ikawahi, barabara ya kuteremka ziwani ikakatika, na malori hayakushuka mpaka msimu ulipopita. Wale watu walivuna muhogo wao, wakahama kwa miguu yao, wakibeba milango ya nyumba zao kichwani. Wapo wa sehemu nyingine waliohamishwa mvua zikianza. Hao sitawasimulia. Nesi hukumbuka vitanda.

Asubuhi iliyofuata mkutano aliniita kupitia ukutani. Mti ulikuwa umechomoza majani mapya, mekundu, kwenye kila ncha. Jua lilikuwa kali dirishani. Mwaka ulikuwa bado kutimia, lakini alikuwa amekwisha kuandaa chungu kipana cha wafinyanzi wa kule ziwani, udongo wa mbolea ya majani, na mkasi.

"Leo," alisema. "Si kwa hofu. Leo yuko tayari."

Alizungusha kisu ukingoni, akaushika mti shingoni, akaunyanyua. Nilitarajia mizizi iliyojizungusha, kama inavyokuwa kwenye kopo. Haikuwa hivyo. Karibu udongo wote ulikuwa umeliwa, na mizizi yote, mikubwa kwa midogo, ilikuwa imejisukuma upande mmoja wa bakuli mpaka ukuta wa udongo umepata ufa. Upande wa magharibi. Bibi Maendeleo alichukua mkasi, akaufungua, akauweka kwenye mzizi wa kwanza. Mkono wake ulisimama hapo kwa muda mrefu. Kisha akaufunga mkasi bila kukata, akaupeleka jikoni.

"Sista alisema upunguze," nilimkumbusha.

"Sista amekwenda kwao. Sasa ni mimi na yeye."

Aliuweka ndani ya kile chungu kipana, akainyoosha ile mizizi mmoja mmoja kwa vidole, akaifukia, akamwagia maji taratibu mpaka yakatoka chini. Haukupukutisha hata jani moja. Tangu siku ile hakuna aliyekuja kulalamika kwamba amepitwa na Bibi Maendeleo barabarani. Naye hakukaa sana. Uhamisho wake ulitoka, wa mbali, kaskazini. Alipanda basi akiwa amepakata chungu mapajani, akaniaga kwa kuita dirishani mpaka basi likapinda kona.

Miaka mingi ilipita kabla sijamwona tena. Nilikuwa karibu kustaafu nilipoteremka ziwani kwa kazi ya chanjo, na katika kile kijiji kipya, ambacho sasa kilikuwa na miembe mirefu na vijana wasiojua kwamba kiliwahi kuwa kipya, mama mmoja aliniambia, "Kuna mwenzako hapa, mstaafu. Anaulizia watu wa Mbinga."

Alikuwa ameketi barazani kwenye nyumba ya chumba na sebule, mrefu vilevile, nywele nyeupe. Hakuwa na ndugu pale. Watu wa kitongoji ndio waliomjengea.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Nesi. Umenenepa, alhamdulillahi. Ingia."

Mkuyu ulikuwa dirishani, umenenepa nao, katika chungu kikubwa zaidi. Alinimiminia chai, akaniambia anauhamisha kila baada ya miaka kadhaa, majani mapya yakitoka, na hajawahi kuukata mzizi. Tulizungumza habari za waliokufa na waliooa. Mwishowe nilimwuliza lile lililonikaa rohoni muda wote ule. Kwa nini alisema alikwenda, wakati hakwenda?

Aliweka kikombe chini.

"Kabla ya ule mkutano nilimwona," alisema. "Sikukwambia. Nilikuwa kwenye Landrova, tunatoka Matiri. Alisogea kando ya barabara kutupisha, kama mtu yeyote. Gauni langu. Uso wangu. Dereva alikuwa anaongea, hakuona. Tulitazamana mimi na yeye mpaka gari likampita. Sikuogopa, mdogo wangu. Nilichoona ni kwamba ana vumbi miguuni na jasho usoni, na mimi nimekaa kwenye kiti cha serikali, msafi, sina hata harufu ya njia. Nikajiuliza, kati yetu wawili, nani anawaendea wale watu kwa kweli, na nani anaonekana tu?"

Nje mtu alikuwa anatwanga.

"Kwa hiyo waliponiuliza," aliendelea, "niliona kama mmoja wetu alikwenda, basi nilikwenda. Lakini tangu hapo, Nesi, kuna asubuhi naamka sina uhakika ni yupi aliyebaki."

Alisema hivyo kwa upole, akitabasamu, kama mtu anayetaja maumivu ya goti. Gari langu lilikuwa linanisubiri. Nilisimama kumuaga, akanipa mkono, nami nikaushika kwa muda mrefu kuliko adabu inavyotaka. Mazoea ya kazi hayajifichi. Vidole vyangu vilikuwa vimekwisha kuteleza hadi kwenye mshipa wa kifundo, vikihesabu mapigo.

Aliona. Hakuuvuta mkono wake. Alingoja mpaka nilipomaliza.

"Nipo?" aliuliza.

"Upo, dada."